Nilimfuta Pakiteng

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kompyuta ndilo lililozaa mengine yote: niliamini kwamba kitu nisichokielewa ni uchafu. Nikikiona, mkono unawasha. Lazima nikifute.

Sitaji jina langu hapa, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Si kwamba naogopa polisi. Sikuiba na sikuumiza mtu. Lakini kuna wazee wawili waliokuwa marafiki tangu ujana wao, na mimi nilikaa mbele ya kompyuta mchana kweupe, chai ikiwa kando yangu, nikaukata urafiki wao kwa kidole kimoja. Halafu nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Wacha nianzie mahali panapoeleweka.

Wazazi wangu walitoka magharibi mwa Kenya. Baba alipata kazi kwenye kiwanda cha saruji, tukaja kupanga Kitengela wakati ambapo bado ungeamka uone pundamilia ng'ambo ya barabara. Mwishoni mwa miaka ya tisini, kazini kwa baba walikuwa wanatupa kompyuta moja kuukuu. Akaiomba, akaileta nyumbani imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Hakuna mtu aliyenifundisha kuitumia. Nilijifunza kwa kubonyeza, kuharibu na kurudisha, na kwa kitabu kimoja cha mitumba ambacho kurasa zake za mwisho zilikuwa zimechanwa.

Mtu aliyejifundisha mwenyewe hukaa na hofu moja. Anaogopa kwamba siku moja mtu aliyesoma atafungua kazi yake, aangalie, acheke. Hofu hiyo ilinigeuza mtu wa ajabu. Ningeona mstari mmoja wa programu umeingia ndani kuliko mwenzake, nashindwa kula. Nikipita jikoni napanga vijiko vitazame upande mmoja. Mama alikuwa akinifukuza. "Wewe, wacha vijiko zangu. Kijiko haina mbele na nyuma."

Na kuna jambo lingine lililokuja pamoja na hofu hiyo. Sikuuliza maswali. Kuuliza ni kuonyesha kwamba hujui, na mimi nilikuwa nimejiapiza hakuna atakayejua kwamba sijui.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nikapata kazi Kajiado mjini, katika ofisi ya chama cha wafugaji, karibu na soko la mifugo. Nilikuwa nimehama kwa wazazi nikapanga chumba changu, hapo hapo Kitengela, kwa Mzee Lemayian. Huyu Mzee alikuwa mwanachama wa chama chetu. Alikuwa amegawa sehemu ya shamba lake kuwa ploti, akauza nyingine na nyingine akajenga vyumba vya kupangisha, lakini ng'ombe wake hakuwaacha. Boma lilikuwa nyuma ya vyumba vyetu. Ungekuwa unavaa shati asubuhi, usikie ng'ombe anajikuna kwa ukuta wako mpaka kikombe kinatetemeka mezani.

Aliniita Ero, vile Wamaasai wanavyomwita kijana. Mke wake nilimwita Yeyo, yaani mama, na alinilisha kama mama.

Aliyeandika programu ya chama alikuwa dada mmoja kwa jina Silantoi, mzaliwa wa Kajiado. Mimi niliajiriwa alipoenda kusoma zaidi Eldoret. Programu yenyewe ilikuwa na kazi moja, kukumbuka ng'ombe wa wanachama. Kila ng'ombe alikuwa na hereni ya plastiki sikioni yenye nambari, na kwenye ngozi alichomwa chapa ya familia. Ng'ombe akipotea akapatikana, au makundi yakichanganyika, unaandika nambari na kompyuta inakwambia apelekwe boma gani.

Sasa nieleze kidogo, ili hata asiyejua kompyuta anifuate. Programu ni maagizo, na maagizo hugawanywa mafungu. Fungu moja linatafuta nambari, lingine linachapisha karatasi. Fungu zuri ni fupi. Unalisoma mara moja unajua linafanya nini.

Silantoi alikuwa na fungu moja aliloliita KwaNani. Ndilo lililoamua ng'ombe ni wa kwa nani.

Jamani, lile fungu. Unashuka na kushuka na halifiki mwisho. Kama chapa ni hii, fanya hivi. Lakini kama ng'ombe ni jike, ngoja, fanya vile. Kama alizaliwa boma lingine, rudi juu. Kila "kama" ilikuwa na "kama" nyingine tumboni, na hiyo nayo ilikuwa na mimba. Niliposoma mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama kwenye vumbi la soko nikitazama mbuzi, ili moyo utulie.

Ndani kabisa ya fungu hilo ndimo alimokuwa Pakiteng.

Katika kumbukumbu za ng'ombe kadhaa, Silantoi alikuwa ameandika neno hilo: Pakiteng. Na katika KwaNani aliweka agizo: kama ng'ombe ana Pakiteng, usifuate chapa yake, fuata boma analokaa. Hakueleza kwa nini.

Nilidhani Pakiteng ni mtu. Na alikuwa tajiri sana, kwa vile nilivyoona. Alikuwa na ng'ombe Isinya, Kimana, Kitengela, kila mahali, na hakuwa na nambari ya uanachama. Nikasema, hii ni makosa ya kuandika. Mtu mmoja ameingizwa mara nyingi kwenye nyumba za watu.

Tena nilikuwa na hakika, kwa sababu nilimjua. Mwenye nyumba wangu, Mzee Lemayian, alikuwa na rafiki aliyempigia simu karibu kila asubuhi. Alipiga kelele kana kwamba simu haina kazi, upepo ndio unabeba sauti, akichanganya salamu ya Kimaasai: "Pakiteng! Supa! Mvua huko?" Na rafiki huyo alikuwa akija kumtembelea, mzee mrefu mwenye kofia ya kijani. Siku moja nilimkuta ameketi na Mzee kwenye viti vya plastiki, nikamsalimia kwa heshima zote.

"Habari yako, Mzee Pakiteng."

Yule mzee alinitazama. Kisha akasema, "Ero, wewe ulinipa ng'ombe gani?"

Mzee Lemayian alicheka mpaka akakohoa. Yeyo alicheka ndani ya nyumba. Nami nikacheka, nikacheka sana, ili wasijue kwamba sikuelewa kinachochekesha. Ningeuliza tu, "Kwani nimesema nini?" Maneno matatu. Ninyi mnaosoma haya msingekuwa na habari hizi za kusoma kama ningeyasema hayo matatu.

Jina halisi la mzee wa kofia ya kijani lilikuwa Sironka. Hilo sikulijua wakati ule.

Ofisini nilizidi kukosa utulivu. Nikatengeneza programu ndogo ya kukagua programu kubwa. Niliiita Mizani. Ilisoma kila fungu na kulipa alama: kila "kama" alama moja, "kama" iliyo ndani ya nyingine alama zaidi. Kisha inapanga mafungu kuanzia bovu zaidi. Mizani yenyewe ilikuwa kitu kizuri, na bado naitumia. KwaNani ilikuja juu ya yote, mbali sana na ya pili yake, kama twiga katikati ya kondoo.

Baada ya hapo sikuona kitu kingine. Nikila naona ile alama. Kanisani naona ile alama.

Nikaanza kukata. Niligawa KwaNani kuwa mafungu madogo, kila moja na jina lake, kila moja linafanya jambo moja. Hiyo sehemu ilikuwa sawa na naitetea hadi leo. Kila nikimaliza kipande naendesha Mizani, alama inashuka, na mwili mzima unapata raha. Mtu aliyewahi kutumbua jipu anaijua hiyo raha.

Nikabaki na Pakiteng. Bila yeye alama ingeshuka mahali ambapo hakuna mtu aliyesoma angeweza kunicheka.

Nambari ya simu ya Silantoi ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya printa. Niliitazama. Nikajiambia, nikimpigia atadhani sijui kazi.

Nikafuta.

Kisha nikajaribu programu kwa ng'ombe niliowabuni mwenyewe. Ng'ombe wangu walikuwa wasafi. Kila mmoja na chapa moja, boma moja, mwenyewe mmoja. Wote walifika kwao. Katibu wa chama alipita nikamwonyesha.

"Imekuwa fupi," akasema.

"Na bado inafanya kazi ile ile," nikajibu, kifua mbele.

Ukame ulikuja. Wakazi wa Kajiado hawahitaji nieleze ukame. Wanachama walikusanya ng'ombe wao waliobaki na nguvu, wakaajiri wachungaji, wakawapeleka upande wa Kimana kwenye majani ya karibu na maji. Walipokuwa wanarudi, mvua ikinukia lakini haijafika, makundi yalikuwa yamechanganyika yote. Miaka ya nyuma kulikuwa na ugomvi kwenye kutenganisha, kila mtu akisema kwa mdomo wake huyu ni wangu. Kwa hiyo Katibu akaweka sheria: safari hii mdomo hauamui, kompyuta ndiyo inaamua. Mimi ndiye niliyesimama uwanjani na karatasi zilizochapishwa, nikisoma nambari za hereni na kusema, huyu kulia, huyu kushoto.

Nilijiona mtu mkubwa sana siku hiyo.

Akaja ng'ombe jike mwenye mistari mistari, mbavu nje, na ndama wake wawili wakubwa wakimfuata. Nikasoma. Nikasema apelekwe kwa Sironka, upande wa Kajiado.

Mchungaji mmoja akasimama. "Hapana. Hiyo ni Sampu. Hiyo ni ya Lemayian wa Kitengela."

"Chapa yake ni ya nani?"

"Chapa ni ya Sironka. Lakini ng'ombe ni ya Lemayian."

"Sasa itakuwaje chapa ni ya mtu na ng'ombe ni ya mwingine?"

"Uliza wazee," akasema.

"Kompyuta imeshasema," nikamwambia. "Wewe peleka."

Akanitazama kidogo, akapiga mluzi, akapeleka.

Sampu ndiye aliyekuwa akijikuna kwenye ukuta wangu kila asubuhi. Nililala nyuma ya mgongo wake miezi na miezi. Na uwanjani sikumtambua. Kwangu mimi wote walikuwa mifupa yenye hereni.

Mvua ikanyesha. Kitengela ikawa matope yale meusi yanayovua watu viatu. Nyuma ya ukuta wangu kukawa kimya. Na simu ya asubuhi nayo ikakoma. Mzee Lemayian angekaa kwenye kiti chake cha plastiki, simu mkononi, aitazame, airudishe mfukoni.

Niliona. Sikuunganisha. Siku moja nikamuuliza Yeyo, ili tu kuzungumza, "Mzee Pakiteng haji siku hizi?"

Safari hii hakucheka. "Huyo haitwi Pakiteng. Anaitwa Sironka. Wewe umekaa hapa muda huu wote hujui?"

"Lakini Mzee humwita..."

"Anamwita hivyo kwa sababu ya ng'ombe." Akaweka sufuria chini, akanieleza pole pole kama mtoto. Mtu akikupa ng'ombe kwa urafiki, tangu siku hiyo hamwitani majina tena. Yeye anakuita Pakiteng, nawe unamwita Pakiteng. Ni kama kuitana "mwenzangu wa ng'ombe". Akikupa mbuzi, mnaitana Pakine. Akikupa kondoo, Paker. Ng'ombe anakaa kwako na chapa ya aliyekupa, hata uzao wake huchomwa chapa hiyo hiyo, na kila ukimwona unamkumbuka rafiki yako.

"Na sasa Sironka amemchukua," akasema. "Tumesikia Sampu, mjukuu wa yule ng'ombe wa kwanza, yuko kwake, na watoto wake."

Nikauliza, "Kwa nini Mzee asimuulize?"

"Utauliza nini? Zawadi haidaiwi. Akiichukua ameichukua. Ukiuliza unakuwa ombaomba."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na viatu vya matope. Watu wote wale katika kompyuta yangu. Isinya, Kimana, Kitengela. Hakukuwa na tajiri yeyote. Kulikuwa na marafiki.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Siku iliyofuata nilifika ofisini kabla ya wengine, nikamrudisha Pakiteng kwenye programu, mstari kwa mstari kutoka nakala ya zamani, nikafunga mlango wa hilo jambo. Nikajiambia, kosa limerekebishwa. Nikaendesha hata Mizani kuona alama imepanda kiasi gani. Nilikuwa mtu wa aina hiyo.

Sikumwambia Katibu. Sikumwambia Mzee. Nikawa napita nyuma ya choo ili nisikutane naye kwenye kiti chake.

Nikampigia Silantoi hatimaye, nikijifanya nauliza jambo dogo.

"Hebu niambie," nikasema, "ile Pakiteng kwenye KwaNani. Ilikuwa ya muhimu?"

Akalidaka neno. "Ilikuwa? Umempeleka wapi?"

"Nimemrudisha."

"Nimekuuliza ulimpeleka wapi, sijauliza kama amerudi."

Nikamwambia. Akasema, "Wewe, hiyo fungu ni mbaya, mimi najua. Sikuipenda hata siku moja. Lakini kila mstari pale, kuna mzee alikuja ofisini na fimbo yake akaniambia kompyuta imekosea. Siyo mimi nilikuwa na maneno mengi. Ni watu ndio wako hivyo."

"Sasa nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye nyumba wako ni mimi?"

Sikufanya kitu. Nyasi ikaota, ikarefuka, na mimi bado.

Kisha kukawa na mkutano wa wanachama, katika ukumbi wa kanisa Kajiado. Mimi nilikuwa mlangoni nikipanga viti. Mzee Lemayian alikuwa ameketi mbele. Akaingia yule wa kofia ya kijani, akaanza kusalimia wazee mkono kwa mkono. Alipofika kwake akasimama.

"Lemayian," akasema. "Supa."

Akina mama waliokuwa wakimimina chai wakaacha kumimina. Mimi mgeni mwenyewe niliusikia huo ukimya. Tangu ujana wao hawakuwa wameitana majina.

Mzee Lemayian aliizungusha kofia yake iliyokuwa magotini. "Supa, Sironka."

Hawakuambiana neno lingine mpaka mkutano ukaisha.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mzee akikaza waya wa ua. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri kichwani, yote yakatawanyika.

"Mzee, Sampu hakuchukuliwa. Ni mimi nilimpeleka."

Akaendelea kukaza. "Wewe ulimwiba?"

"Hapana. Kompyuta ilimpeleka kwa Sironka."

"Kompyuta iko na miguu?"

"Niliiharibu. Nilifuta Pakiteng. Nilidhani ni mtu."

Akaacha waya. Nikamweleza yote, fungu, chapa, uwanja, mchungaji aliyenikataza. Alisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Ulijua lini?"

"Mvua ilipoanza."

Akatazama nyasi upande wa pili wa ua. Akaweka kiganja chake kwenye goti. "Na sasa imefika hapa."



Tulienda kwa Sironka siku hiyo hiyo. Alitukaribisha ndani, tukapewa chai, na hakuna aliyeigusa. Mzee alisema kidogo kwa Kimaasai, akaninyooshea kidole nimalizie. Nikaanza tena. Kukiri mara ya pili si rahisi kuliko mara ya kwanza, msidanganywe.

Sironka akaongea Kiswahili, nadhani ili nisikie.

"Alifika na watoto wake. Waliomleta walisema, hii imerudishwa kwako. Nikasema, haya, Lemayian ameuza shamba, amejenga nyumba ya kupangisha, amekuwa mtu wa ploti. Hataki tena ng'ombe ya mtu. Kila nikiangalia hiyo ng'ombe naona ploti za Kitengela."

"Uko nayo?" Mzee Lemayian akauliza.

"Ningekaa nayo namna gani? Nilikuwa nimekupa." Akatazama chini. "Iliuzwa sokoni hapo Kajiado, na watoto wake. Ilienda na lori."

Soko hilo liko karibu na ofisi yangu. Huenda Sampu alipita chini ya dirisha langu nikiwa naendesha Mizani.

Njiani kurudi nilimwambia Mzee kwamba nitatafuta pesa ninunue ng'ombe jike mwingine, hata wa mistari mistari, nimpe Sironka, naye ampe Mzee upya.

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mchanga. "Ero, unataka kuninunulia rafiki?"

Nilimwambia Katibu yote. Hakunifukuza, lakini alichukua ufunguo wa ofisi, na tangu hapo kila nilichobadilisha lazima Silantoi akisome kwanza kutoka Eldoret ndipo kiingie. Tulikaa na kumbukumbu za ukame ule, tukakuta ng'ombe wengine wa Pakiteng waliopotezwa. Nilienda boma kwa boma kuomba msamaha. Ng'ombe wengine walikuwa hai wakarudishwa. Wazee wengine walicheka. Mmoja alinifukuza na sikumlaumu.

Kijana unayejifunza kazi hii peke yako, chumbani kwako, huku ukiogopa kuchekwa, nakuomba unisikilize. Tafuta lile fungu bovu, lirefu, lenye makunjo mengi. Ligawe, lipe majina, lifanye lisomeke. Ni kazi nzuri na ni lazima ifanywe. Lakini alama inakuonyesha pa kuangalia tu. Haikuonyeshi pa kukata. Kabla hujagusa, chukua ng'ombe wa kweli, si wa kubuni, uandike programu ya zamani inawapeleka wapi. Badilisha kidogo. Uone kama bado wanaenda pale pale. Mmoja akigeuza njia, simama, utafute mtu umuulize. Na akikucheka, mwache acheke. Kicheko kinaisha. Mimi nilikikwepa kicheko cha Silantoi, na tazama nilichonunua.

Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Nyasi haingoji.

Mzee Lemayian hakunifukuza nyumbani kwake. Yeyo bado alinipa chai. Lakini Mzee alikuwa na desturi ya kuingia chumbani kwangu jioni kutazama kompyuta na kuuliza, "Leo imesema nini?" Hakuingia tena.

Mwaka mwingine mvua ilipokuwa nzuri, Sironka alikuja Kitengela, kofia ile ile, akivuta kondoo jike kwa kamba. Ng'ombe wake wengi walikuwa wamekufa kwenye ukame, na kondoo ndicho alichokuwa nacho cha kutoa. Walikaa kwenye viti vya plastiki. Mimi nilikuwa dirishani, sikutoka. Kondoo alifungwa nyuma ya vyumba, na asubuhi nikamsikia akijikuna kwenye ukuta wangu. Kikombe hakikutetemeka. Kondoo ni mwepesi.

Fungu la KwaNani siku hizi ni vipande vidogo vinavyosomeka. Pakiteng yumo, na juu yake nimeandika ni nini na ni nani wa kuulizwa. Chini yake niliongeza mstari wa Paker. Silantoi aliusoma kwanza.

Simu ya asubuhi imerudi, ingawa si kila siku. Wale wazee wawili hawaitani Pakiteng tena. Wanaitana Paker.